Kilichomo Ndani ya Kitanzi

Niulize mji wetu uko wapi, nami nitakuuliza kwanza umefika na nani. Peke yako hujafika. Hakuna aliyewahi kuingia hapa peke yake, wala kutoka, wala hata kuketi kizingitini peke yake akijikuna kichwa, na hilo ndilo jambo lililonifanya niwe mpimaji. Kwa nini mmoja haonekani? Tunahesabu moja, mbili, tatu, lakini hiyo moja hakuna jicho lililoiona. Tumeiona tatu tu, kisha tukarudi nyuma kwa maneno tukasema, basi lazima moja ipo. Labda ipo. Mimi niliamini ipo, nikamwaminisha na mwingine, na kwa imani hiyo nimeungua mikono. Sikuletei mfano wa maneno. Mikono hii hapa.

Sikiliza kwanza tulivyo. Kila mtu wa mji huu ana rangi viganjani, nyekundu au kijani au buluu, na kila kaya ni watu watatu wa rangi tatu waliozunguka chungu kimoja. Chungu kimeinjikwa juu ya mafiga matatu, na kila figa lina mwenyewe. Mwenyewe akiwa karibu, figa husimama imara. Akienda mbali, figa lake huanza kutitia kwenye majivu na chungu kuinama upande huo. Hapo wenzake humshikia upande wake kwa mikono mitupu mpaka arudi. Hii ndiyo ada yetu kuu, na asiyemshikia mwenzake chungu hahesabiwi mtu. Chungu kikimwagika, kaya hiyo inakuwa haikuwahi kuwepo. Tumesikia habari za kaya zilizomwagika. Au tuseme hatukusikia, maana zitasikikaje?

Usiku hatuna. Tuna asubuhi, adhuhuri na alasiri, na baada ya alasiri hurudi asubuhi ileile, au nyingine inayofanana nayo; sijapata namna ya kuzitofautisha. Jua halisogei lenyewe. Linasogezwa na chamchela, zile pepo za kuzunguka zinazopita uwandani na mitaani na katikati ya vikao vya watu. Chamchela ikikupitia katikati, asubuhi yako inakuwa adhuhuri. Ikipita ya pili, ni alasiri. Ya tatu inakurudisha ulipokuwa, umepitwa na upepo mara tatu na hujaenda popote. Wengine hufurahia jambo hili. Mimi huwa nakasirika, kwa sababu napenda safari ihesabike.

Kayani kwetu tulikuwa watatu, ndiyo, utasema nani asiyejua. Shaame, mkubwa wetu, ndiye mwenye kijani, ingawa kijani chenyewe kimebaki kwenye ncha za vidole tu. Viganja vyake vimejaa makovu ya moto, meupe, ya zamani. Wakati huo nilikuwa sijamuuliza aliyapata wapi. Mashavu alikuwa na nyekundu, nyekundu ya kuwaka, na alikuwa na mdomo wa kuchoma vilevile. Mimi, Vuai, nina buluu. Niseme nilikuwa nayo.

Tena nikwambie neno ambalo sikulipa uzito kwa muda mrefu. Utoto siukumbuki. Kumbukumbu yangu ya kwanza, nimeketi kando ya figa langu, mkubwa kama nilivyo leo, chungu kinatokota, na Shaame ananitazama machozi yamemjaa, mikono ameificha chini ya kanzu. Ananiambia, "Wewe ni Vuai. Ulikwenda kuchota maji tu." Nikaitazama ndoo iliyokuwa miguuni pangu. Haikuwa na tone. Nikadhani nimeyamwaga njiani, nikaona haya, nikanyamaza.

*

Baina ya watatu wa kaya moja kuna ugwe, uzi unaowafunga. Hauonekani. Tukiwa karibu hatuuhisi kabisa: tunagombana, tunakanyagana vidole, kila mmoja anajiona huru kama kuku wa jirani. Inuka sasa uende kisimani. Hatua ya kumi utausikia ubavuni. Hatua ya mia utausikia vilevile, hatua ya elfu vilevile, haupungui. Kila kitu kingine duniani kikiwa mbali hufifia. Moto ukiwa mbali hauchomi, kelele ikiwa mbali haiudhi. Wenzetu wa nchi nyingine wana msemo kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kwetu asiyekuwapo ndiye mzito kuliko waliopo.

Kazi yetu wapimaji ilikuwa kujua ugwe huo una nguvu kiasi gani, na kwa kuwa hauonekani wala haushikiki, tuliupima kwa kitanzi. Unachukua kamba ya usumba, unaifunga ncha kwa ncha, unaitandaza chini. Kisha unakaa. Unangoja chamchela. Chamchela haina kichwa wala mkia, imejifunga yenyewe kama bangili, na nyingi hupita nje ya kitanzi chako bila kukuhusu. Nyingine huzama ndani yake na kutokea palepale, nazo hazina neno. Inayohusika ni ile iliyopenya kitanzi kama pete ya mkufu inavyopenya pete mwenziwe, ambazo huwezi kuzitenganisha ila uvunje mojawapo. Hizo ndizo tulizohesabu. Walimu wangu walisema ugwe si kitu kingine bali wingi wa hizo pete zilizopenyana, ni mkufu uliofumwa na upepo, na kadiri kitanzi kinavyopenywa ndivyo kilicho baina ya watu wawili kinavyokuwa kigumu kukiachia. Hilo walisema kweli. Uongo ulikuwa mdogo tu, nao nilirithishwa nikaupenda: walisema kitanzi hupimwa kwa ukingo wake. Urefu wa kamba. Kamba ndiyo tuliyokuwa nayo mkononi, tunaikunja, tunaipima kwa pima na shibiri, tunajisifu nayo barazani. Hewa ya katikati nani angeipima? Hewa ni hewa.

Na kama ni ukingo, mtu huweza kuondoka. Hesabu ya ukingo inasema hivyo waziwazi: mvuto utakuwapo mwanzoni, kisha huko mbali asikofika mtu utachoka, na mtu ataendelea na safari yake. Nililijua hilo kwa ghaibu. Nilikuwa nalo mdomoni tayari siku Mashavu aliponiuliza.

*

Alikuja asubuhi, chamchela ikapita baina yetu, ikawa adhuhuri akiwa hajamaliza sentensi. Aliniambia amechoka. Sikumwelewa, nikamwambia alale. Akasema hakuchoka mwili. Akasema tangu ajijue hajawahi kuisikia sauti yake bila yetu kuwa ndani yake. Akicheka anasikia cheko la Shaame linaanzia kooni mwake, akikasirika anakuta hasira ni yangu, ameivaa tu. Hata wekundu wake, alisema, hajui kama ni wake au ni kitu kinachobaki ukitoa kijani na buluu.

"Nataka nikae mahali niwe mimi tu," alisema. "Hata kwa muda wa chungu kuchemka mara moja. Nijione. Nikishajiona nitarudi. Sasa wewe ni mpimaji, kaka. Niambie. Nikienda mbali sana, huu ugwe utachoka?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni jepesi, silabi tatu, mtoto hulisema. Lakini Mashavu hakuwahi kuniuliza kitu. Alizoea kunitania, kunivuta masikio kwa maneno, kuniita bwana kamba. Siku hiyo aliniuliza, macho yake yananitegemea, na mimi nikajisikia mrefu. Nikamwonyesha vitanzi vyangu vyote, kidogo cha ukubwa wa ungo, kikubwa cha ukubwa wa mkeka, na hesabu zake nilizozichora ukutani kwa mkaa. Nikamwambia utachoka. Nikamwambia nina hakika.

Alimuaga Shaame. Shaame hakumzuia. Alimtazama tu, kisha akanitazama mimi, na katika mtazamo ule kulikuwa na kitu nilichokidhania wivu. Mashavu akaenda kuelekea uwandani, hakuchukua hata ndoo, na figa lake likaanza kutitia.

*

Unajua binadamu alivyo. Shaame alikaa kushika upande wa chungu, akanisukuma kwa kiwiko, akasema nitoke nikafanye kazi yangu, yeye mikono yake ilishazoea. Nikatoka. Sikutoka kwa mashaka, nilitoka kwa majivuno: nilitaka kupima safari ya Mashavu nikamwandikie ukutani ilivyokuwa. Nikaziunga kamba zangu zote, na za wapimaji majirani waliokuwa wamezianika, nikatandaza kitanzi ambacho hakijawahi kutandazwa, kutoka mlangoni kwetu hadi mwanzo wa uwanda. Nikakaa nikahesabu.

Adhuhuri. Alasiri. Asubuhi. Adhuhuri.

Zilizopenya zilikuwa nyingi mno.

Nikahesabu tena. Nikakunja kamba nusu, nikatandaza, nikahesabu. Nikaikunja robo. Kitanzi kikiongezeka mara mbili kila upande, chamchela zinazokipenya haziongezeki mara mbili. Zinaongezeka mara nne. Mara tatu, ni tisa. Mwulize mkulima yeyote. Ukipanua shamba mara mbili kila upande, ua wa kulizungushia ni mara mbili, lakini jembe litalima mara nne. Mimi nilikuwa nimekaa na ua mkononi maisha yangu yote, nawaambia watu huu ndio ukubwa wa shamba. Na vitanzi vyangu vidogo vilinificha, kwa sababu shamba likiwa dogo sana ua na ndani ni karibu sawa, mtu asiyetaka kuona hataona.

Si ukingo. Ni kilichomo ndani. Ile hewa, na kila hatua inazidi kuipanua.

Basi hauchoki. Ee, hauchoki. Kila hatua ya Mashavu inavuta sawa na ya kwanza, na zote zinajumlika mwilini mwake, na yeye anaendelea kwa sababu nimemwambia utachoka, hatua inayofuata utachoka, bado kidogo. Anasema kaka yangu ana hakika. Kaka yake! Niliiacha kamba palepale.

*

Nilimkimbilia. Nilipomkaribia, ugwe baina yangu na yeye ulilegea, lakini wa Shaame ulinivuta kwa nyuma mpaka mbavu zikalia. Nilimkuta amesimama uwandani, ameinama kama mtu anayepanda mlima ingawa ardhi ilikuwa tambarare. Amekonda. Mashavu aliyekuwa na uso wa mviringo alikuwa amebaki mifupa na macho. Akanichekea. Akasema nimefika wakati mzuri, anahisi umeanza kulegea.

"Umelegea kwa sababu nimekuja," nilimwambia. "Dada, nilikosea. Nilipima ukingo. Huu ugwe hauchoki, hautachoka milele."

Chamchela ilitupitia, ya pili ikatupitia, na kila mara kivuli cha Mashavu kiliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, yeye ametulia tu. Nilitaka anitukane. Nilikuwa na haki ya kutukanwa na nilikuwa naisubiri. Badala yake aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama hauchoki mwisho wake ni nini.

"Utakatika," nikasema.

"Na ukikatika?"

Hapo nilikuwa naijua hesabu, lakini nilikuwa siijui bado maana yake. Nikamwambia tulichofundishwa: mvuto wote ule hauwezi kupotea, ukikatika lazima uwe kitu. Kila ncha iliyokatika hujitafutia mtu. Hakuna ncha inayobaki wazi. Nikamsihi turudi, nikamwambia Shaame ameshika chungu kwa mikono miwili, nikamtajia hata vitu vya kijinga, kwamba ufagio wake umebaki uani, kwamba nani ataniita bwana kamba.

Mashavu akavitazama viganja vyake. Wekundu ulikuwa unawaka kuliko nilivyowahi kuuona.

"Nimeshafika hapa nilipofika," alisema. "Nikirudi sasa nitakaa pale nikiwachukia nyie wawili mpaka mwisho. Wacha ukatike. Huenda kati ya kukatika na hicho kitakachokuja pana nafasi kidogo, hata ya pumzi moja, nikawa peke yangu. Nitaitumia hiyo hiyo. Rudi ukanishikie chungu, Vuai."

Hakusema nakusamehe. Alisema nikamshikie chungu, na mimi nikalia, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo mtu humwomba wa kwao.

*

Nilirudi. Shaame alikuwa amepiga magoti, chungu kimeinama, ngozi ya mikono yake imefumuka juu ya makovu ya zamani. Nikamwondoa. Nikaingiza mikono yangu chini, buluu juu ya udongo wa moto, na maumivu yale sitayaeleza, kwa kuwa kila nikiyaeleza yanakuwa madogo kuliko yalivyokuwa. Shaame alikaa kando akipepea viganja vyake. Nilivitazama. Nikaviona kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza yale ya zamani aliyapata wapi, ni chungu cha nani alikishika kiasi kile, mwenzetu gani aliondoka kabla ya Mashavu.

Alilitazama figa langu.

Ile ndoo isiyo na tone. Machozi yake. Mikono chini ya kanzu.

Alikuwapo Vuai mwingine. Huyo naye alikuwa mpimaji, Shaame akaniambia, taratibu, macho chini. Naye alitaka kujua mmoja anafananaje, akaenda mwenyewe. Ugwe wake ulipokatika, mimi nilikuwa nimeketi hapa mahali pake. Sura ileile, buluu ileile, hata namna ya kukunja paji la uso. Mashavu naye alijua, ndiyo maana alitaka kusikia utachoka, si utakatika. Walikula kiapo pamoja wasiniambie. Mtu wa ncha asipopewa jina mara moja, alisema, figa halisimami. Jina la aliyekwenda lilikuwa karibu, wakanivisha. Nilitaka kumchukia, nikashindwa, mikono ilikuwa na kazi.

Kisha ugwe wa Mashavu ukakatika. Haukupiga kelele. Ulikuwa ukimya wa ghafla ubavuni, mahali ambapo sikujua kwamba palikuwa na sauti. Nikageuza uso uwandani na jua likanipa asubuhi safi ya kuona mbali. Nilimwona Mashavu. Nilitafuta pumzi yake ile moja, nafasi yake, naapa niliitafuta, nilikodoa macho mpaka yakatoka maji. Sikuona mmoja. Niliona wawili wanatembea, wameshikana mikono, na mwenziwe alikuwa na viganja vya rangi ile unayoiona ukiikodolea nyekundu kwa muda kisha ukafumba macho. Hawakugeuka nyuma. Labda pumzi ilikuwapo na jicho langu halikuumbwa kuiona. Sitajua, na kutojua huko ndiko kunakoniamsha hata katika nchi isiyo na usiku.

Nilipogeuka, mwanamke alikuwa ameketi mahali pa Mashavu. Uso wa mviringo. Viganja vyekundu. Alitutazama mmoja mmoja kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa.

"Mimi ni nani?" aliuliza.

Shaame alifungua mdomo. Niliyajua maneno kabla hayajatoka. Wewe ni Mashavu, ulikwenda kuchota maji tu. Yangetoka, figa lingesimama, mikono yangu ingepona, na mwanamke huyu angeishi miaka akidhani maji ameyamwaga yeye.

"Usimwambie," nilimwambia Shaame.

"Chungu kitamwagika, mdogo wangu."

"Ninacho mikononi."

Nikamwambia yule mwanamke kwamba hakutoka popote, amekuja sasa hivi. Kwamba Mashavu alikuwa dada yangu na ameondoka kwa sababu ya hesabu yangu mbovu. Kwamba mimi pia nilikuja kama yeye alivyokuja, nikapewa jina la mtu, nami nimelitumia mpaka limekuwa na jasho langu. Nikamwambia ana ugwe, na hauchoki, na nisimdanganye, nimeupima ndani wala si ukingoni. Jina sina la kumpa. Akilitaka la aliyekwenda lipo, akitaka kungoja angoje.

Udongo ulikuwa unakula nyama yangu na Shaame alikuwa analia waziwazi, na figa la tatu lilikuwa limebakiza ncha tu juu ya majivu. Yule mwanamke akautazama uwanda. Akavitazama viganja vyake, kisha vyangu chini ya chungu. Akasogea, akaingiza mikono yake kando ya yangu, nyekundu kando ya buluu, akashtuka.

"Kina moto," alisema.

"Ndiyo."

"Basi toa yako ipoe. Nimekishika."

Nikaitoa. Buluu ilikuwa imebaki kwenye ncha za vidole tu. Shaame akanipa maji ya kunawa, na chini ya mikono ya yule mwanamke, polepole, bila jina, figa likaanza kupanda.